Mwanza hakuna bahari, njoo uone ziwa likifanya kazi

Kwanza tuelewane, Mwanza hakuna bahari. Nasema hivi kwa sababu kila ikikaribia likizo simu yangu inajaa meseji za ndugu na marafiki, "tunakuja huko kwenu, tutafutie bichi nzuri," alafu wanashuka stendi na miwani ya jua na mataulo makubwa wakidhani wamefika Nungwi. Wa mwisho alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mtoto wa Tanga kabisa, aliyekulia kwenye chumvi. Kitu cha kwanza alichofanya alichovya kidole ziwani akaonja, akaniangalia. "Shem, hii si maji ya kunywa haya?" Nikamwambia ndio, na ndo tunayokunywa, yakishapita kwenye mitambo.

Sasa ukimtembeza mtu wa pwani Mwanza lazima ubadilishe ratiba. Pwani kuna mji wa kazi na kuna fukwe za kupumzikia, na mgeni anaweza kukaa wiki nzima ufukweni asijue mji unaishi vipi. Huku haiwezekani. Ziwa letu ni la kazi, limekuwa hivyo tangu kabla ya Mzungu yeyote kuja kulipa jina la malkia wake, na mimi naona vitu vizuri vya kutazama Mwanza ni vile vya watu wakiwa kazini. Vya kupumzika vipo, ntavitaja, ila sio sababu ya kukata tiketi.

Kwaiyo siku ya kwanza sikumpeleka bichi. Nilimwamsha kabla ya jua nikampeleka Mwaloni.

Mwaloni Kirumba ni soko la samaki, lakini hilo neno soko halitoshi. Boti zinatoka visiwani huko, Ukerewe, Ukara, Kome, Goziba, zinaingia zimesheheni magunia ya dagaa, vijana wanashusha kwa mgongo wakikimbia kwenye ubao mwembamba, na ukisimama njiani utapigwa kikumbo bila samahani, mtu ana gunia kichwani hana muda wa adabu zako. Kuna dagaa wakavu, dagaa wa kukaanga, kuna sangara wa chumvi tunaoita kayabo, mkubwa kama mlango mdogo, kuna furu wakavu, na kuna malori yanayopakia kwenda Congo, Rwanda, Burundi. Wanawake ndo wenye soko lao, nakwambia ukweli. Mama mmoja tulimkuta ameketi juu ya magunia na madaftari yake, simu mbili, anaongea na mtu wa Goma kwa Kiswahili cha kule kisha anageuka kumfokea mpakiaji kwa Kisukuma. Shemeji akataka kununua dagaa kidogo wa kupeleka nyumbani.

"Unataka gunia ngapi mwanangu?"

"Sado moja tu mama."

Mama akacheka mpaka akafuta machozi, akamwita mwenzake aje amuone. Lakini akampimia, tena akamwongezea nyongeza ya nguvu, na akatufundisha namna ya kumjua dagaa mzuri: awe anang'aa rangi ya fedha, ukimshika asiache mchanga mkononi. Wale waliokaushwa chini kwenye mchanga ni bei rahisi lakini utakula kokoto, waliokaushwa kwenye chanja ndo wenyewe. Hiyo elimu peke yake inalipa nauli ya kuja Mwanza.

Na hawa dagaa wana kalenda yao. Wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani ilikuwa karabai za mafuta, siku hizi wengi wanatumia taa za sola na betri. Mwezi ukiwa mpevu kazi inalala, wavuvi wanashona nyavu, wanakunywa, wanarudi kwa wake zao, mji mzima unajua. Ukija kipindi cha giza panda kilima chochote, Isamilo, Bugando, Capri Point, tazama ziwani saa tatu usiku, utadhani kuna mji mwingine kule mbele una umeme na huku kwetu umekatika.

Sangara ndo habari ndefu. Huyu si mwenyeji. Aliletwa ziwani miaka ya 1950, enzi za wakoloni wa Kiingereza, akakaa kimya miaka mingi alafu miaka ya 1980 akalipuka. Kabla yake ziwa lilikuwa na furu wa kila aina, wataalamu wanazungumzia mamia ya aina ambazo hazipatikani popote pengine duniani, vidogo vidogo vya rangi rangi, na wazee wetu walivila bila kujua kwamba vina thamani hiyo. Sangara akala wengi wao. Kisayansi ni msiba. Lakini miaka ya 1990 vikaja viwanda, minofu ikaanza kupandishwa ndege kwenda Ulaya, na huyo huyo msiba ukajenga nyumba, ukasomesha watoto, ukaleta vijana kutoka kila kona ya nchi hii. Minofu ikienda Ulaya sisi tukabaki na mapanki, yaani mifupa na kichwa, yanakaangwa kwenye mapipa na kuuzwa mtaani, na nisiwadanganye, kuna watu walidharau mapanki na kuna watu yaliwavusha. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 Ulaya ikafunga mlango kwa samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja kwa sababu za usafi na sumu, mji ukatikisika. Siku hizi sangara amepungua, viwanda vingine vimefunga, na pesa imehamia kwenye mabondo, kile kifuko cha hewa cha ndani ya samaki, kinachosafiri mpaka China. Kilo ya mabondo inazidi kilo ya mnofu mara nyingi sana. Shemeji hakuamini mpaka alipoona jinsi yanavyolindwa, samaki wenyewe wamelala wazi juani na mabondo yamefungiwa ndani.

Chakula sitakaa sana. Kula sato. Wa kuchoma au wa kukaanga, kwa ugali, na kama utapata ugali wa muhogo wa kisawasawa usiuache. Ukila kwa mama ntilie wa karibu na mwalo utakula vizuri kuliko hoteli yoyote yenye vitambaa mezani, haya ni maoni yangu na sibishani. Michembe pia, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, Wasukuma ndo akiba yao ya njaa na ndo vitafunio vyao, unatafuna huku unatembea.

Haya, bichi. Zipo, hasa upande wa Ilemela, kuna hoteli zina mchanga, zina viti, zina muziki wa jumapili, watoto wanacheza mpira wa maji, bia baridi na jua linazama mbele yako. Kwa mchana wa jumapili ni pazuri sana. Ila kuogelea ndo sipigi debe. Kwanza kichocho. Konokono wa kichocho wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, pembeni kabisa pale pale ambapo mgeni anapenda kuloweka miguu. Watoto wa shule za huku wanagaiwa dawa za kichocho, kila mtu aliyesoma huku anakumbuka vile vidonge vikubwa na kile kichefuchefu. Ukiingia majini basi pitia hospitali baadaye ukapime, dawa ipo na inatibu. Pili mamba, sehemu nyingine hasa nje ya mji wapo, uliza wenyeji. Tatu ziwa lenyewe halitulii, miaka ya 2020 na 2024 maji yalipanda yakala kuta, yakameza vibanda na miti, kuna bichi nilizokuwa nakwenda zamani ambazo leo ni maji tu na nguzo zinachungulia.

Siku ya pili ndo tukaingia mjini kwenye historia, na hapa naomba uvumilivu kwa sababu mimi hii nina ugomvi nayo kidogo.

Katikati ya mji kuna mnara wa saa, na kuna maandishi pale yanayosema kwamba tarehe 3 Agosti 1858, kutoka kilima cha Isamilo, maili moja kutoka hapo, Speke ndo aliona ziwa. Watalii wanapiga picha. Sawa, John Hanning Speke, mpelelezi wa Kiingereza, alikuja, hilo halina ubishi. Walitoka pwani 1857 yeye na mwenzake Burton, wakafika Kaze, yaani hapo Tabora, Burton akabaki, Speke akapanda kaskazini na msafara mdogo mpaka akaliona ziwa, akaliita Victoria, akarudi Tabora kutangaza kwamba hiki ndicho chanzo cha mto Nile, na Burton hakumkubalia, wakagombana mpaka Speke alipokufa. Ila jiulize, huyu bwana Kiswahili hakijui, Kisukuma ndo kabisa, alikuwa anaongea na nani? Alikuwa na Sidi Mubarak Bombay. Myao, alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India akiwa mtumwa, huko akajifunza Kihindi, bwana wake alipokufa akawa huru akarudi Zanzibar. Speke alijifunza Kihindi jeshini India. Kwaiyo swali linatoka kwa Mwingereza kwa Kihindi, Bombay analigeuza Kiswahili, mtu mwingine analipeleka kwa lugha za huku, na jibu linarudi njia hiyo hiyo. Ramani nzima ya ziwa letu ilianza namna hiyo, mdomoni mwa Bombay. Na hakuishia hapo, alirudi tena na Speke kuanzia 1860, akaenda na mpelelezi mwingine, Stanley, kumtafuta mmisionari Livingstone, akavuka bara zima mpaka Atlantiki na Mwingereza mwingine, Cameron. Kwenye mnara simwoni. Shemeji aliposikia hivyo akasema huyo Bombay ni mtu wa kwetu pwani bana, na kweli nusu ya historia ya ziwa hili ni watu wa pwani.

Mfano ni Kageye. Hii wengi hata wa Mwanza hawaijui, iko upande wa Magu, kwenye ghuba ambayo leo inaitwa kwa jina la huyo huyo Speke. Kabla Mwanza haijawa mji, bandari ya maana upande huu ilikuwa Kageye. Alikaa hapo mfanyabiashara wa pwani aitwaye Sungoro, akifanya biashara ya pembe za ndovu na ya watu, akawa anajenga jahazi kule Ukerewe ili azunguke ziwa. Fikiria, jahazi, huku. Mwishoni mwa Februari 1875 Stanley akafika Kageye na mashua yake iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo, ikaunganishwa, akalizunguka ziwa lote na kurudi mwezi Mei. Kijana wake mmoja Mwingereza, Frederick Barker, alibaki kambini na akafa humo humo. Mwaka 1877 wamisionari wa Kianglikana wakaingia kwenye habari ya lile jahazi la Sungoro, ukazuka ugomvi Ukerewe, Desemba mwaka huo Sungoro na wamisionari wawili, Smith na O'Neill, wote wakauawa. Leo Kageye ni kijiji kimetulia, kuna wavuvi, kuna makaburi ya zamani, hakuna mkahawa wala duka la vinyago. Mimi napenda kwenda. Beba maji na chakula na kofia.

Wajerumani wakaja wakapiga kituo hapa Mwanza 1892, mji ukahamia huku. Wao na Waingereza walishakubaliana 1890 kugawana ziwa kwa rula, digrii moja kusini ya Ikweta, juu kwangu chini kwako. Ndo maana lile jiwe maarufu la kwenye maji pale karibu na kivuko cha Kamanga linaitwa Bismarck, kansela wa Kijerumani ambaye hakuwahi kukanyaga huku hata siku moja. Ni jiwe kweli, limekaa juu ya mwenzake kwa namna ambayo unaona kabisa litaanguka kesho, na halianguki. Nenda jioni, keti na mahindi ya kuchoma. Julai 1916, wakati wa ile vita kubwa ya kwanza, Waingereza wakauteka mji, jina la jiwe wakaliacha.

Na mawe mengine je? Mwanza yote ni mawe, wanaita Rock City, na haya mawe ni ya zamani kupita akili, granaiti ya zaidi ya miaka bilioni 2 na nusu, mvua na jua vimeila taratibu udongo ukaondoka yakabaki mabonge yamepandana. Wageni wanaona mandhari. Sisi tunaona kodi ya chini. Mabatini, Igogo, Bugarika, nyumba zimepanda kilima mpaka juu kabisa, nyingine ukuta wa nyuma ni jiwe lenyewe, bodaboda inaishia chini na wewe unamalizia kwa miguu na ndoo ya maji kichwani. Mchana utasikia ko ko ko, akina mama wanagonga kokoto kwa nyundo chini ya kivuli cha turubai, ndizo zinazojenga zege za mji. Ukitaka kupiga picha huko, salimia kwanza. Asubuhi sema "mwangaluka", ukishukuru sema "wabeja", utaona uso unavyobadilika.

Kwenye hayo mawe anaishi mjusi ambaye shemeji alimpiga picha kuliko alivyonipiga mimi. Dume lake kichwa na mabega mekundu ya kuwaka na mwili wa bluu, anapiga pushapu juu ya jiwe kutafuta mchumba. Wanasayansi wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae. Sehemu nzuri ya kumuona ni Saanane, kisiwa kidogo unachokiona ukisimama Capri Point, boti za hifadhi zinakuvusha kwa dakika chache. Kinaitwa hivyo kwa mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa anaishi pale kabla serikali haijakichukua 1964 kuweka bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote Tanzania. Kuna swala, kuna pimbi wengi, unapanda mawe unauona mji kutokea majini. Ukiwa na nusu siku na watoto, nenda. Ukitaka wanyama wakubwa subiri Serengeti, lango la Ndabaka si mbali ukiwa na gari.

Sasa meli. Mtu wa leo anaona Mwanza ni mwisho wa barabara kutoka Dar. Zamani ilikuwa kinyume. Reli ya Waingereza ilifika Kisumu 1901, sisi treni ya kutoka Tabora ilifika 1928. Kwa miaka yote hiyo ya katikati mzigo wa Mwanza, ngozi, karanga, pamba, ulikuwa unapanda meli kwenda Kisumu alafu Mombasa. Ziwa ndo lilikuwa barabara kuu na Dar ilikuwa mbali. Pamba ndo ikaupa mji mfupa, na miaka ya 1950 wakulima wakachoka kuibiwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakaungana wakaanzisha vyama vyao, na 1955 likasimama shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria chini ya Paul Bomani, kijana tu wakati huo, baadaye akawa waziri wa fedha wa kwanza Mwafrika wa Tanganyika. Hata timu yetu inaitwa Pamba, na 2024 ilivyorudi ligi kuu baada ya miaka mingi watu wazima walilia Nyamagana, mimi sikulia, jicho liliingia vumbi.

Bandarini kuna meli ya Victoria, mzee wa kazi. Iliundwa Scotland, ikafunguliwa, ikaletwa vipande kwa meli mpaka Mombasa, kwa treni mpaka Kisumu, ikaunganishwa na kuanza kazi 1961. Imekarabatiwa ikarudi kazini 2020. Safari ya usiku kwenda Bukoba ndo kitu pekee cha anasa nitakachokushauri ulipie bila kusita, chukua kitanda, lakini usilale mapema, kaa nje uangalie taa za mji zikipungua.

Na ukipanda meli hiyo kuna jina hutalikwepa. Asubuhi ya 21 Mei 1996 MV Bukoba ikitokea Bukoba kuja Mwanza ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika. Ilijaza watu kupita uwezo wake. Waliokufa ni zaidi ya 800, na idadi kamili wala hakuna anayeishika kwa sababu wengi hawakuwa kwenye orodha ya tiketi. Meli iliogelea kichwa chini kwa muda, watu wakisikika wakigonga kutokea ndani, ikatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, ikazama. Kila familia ya kanda hii inayo habari yake. Wanafunzi walikuwa wanarudi shule, wafanyabiashara wa ndizi, maharusi. Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo. Wengi walizikwa Igoma, makaburi yapo kando ya barabara ya Musoma, na kila 21 Mei kunafanyika ibada. Sikumwambia shemeji tunakwenda "kutembelea kivutio". Tulisimama pale tu, yeye akasoma Fatiha, tukaendelea na safari. Watu wananiuliza kama inafaa kumpeleka mgeni sehemu kama ile. Mimi naona inafaa kuliko bichi, maana bila Igoma huwezi kuelewa kwa nini mama wa Mwanza akisikia mwanaye yuko majini hasinzii, na kwa nini 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikiwa kinakaribia Ukara na kuua watu zaidi ya 200, watu wazima walikaa chini barabarani.

Barabara hiyo hiyo ya Musoma ukisonga mbele kidogo unafika Kisesa, ndo kuna Bujora, makumbusho ya Wasukuma. Yalianzishwa na padri wa Kikanada, David Clement, miaka ya 1950 na kuendelea, na kanisa lake ni la mviringo kwa mtindo wa nyumba ya Kisukuma. Kuna ngoma za watemi, viti vya enzi, vyombo vya waganga. Lakini nenda Juni, wakati wa Bulabo, yale mashindano makubwa ya ngoma, baada ya sikukuu ya Ekaristi. Hapo wanakutana Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoanzia kwa waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, na ushindani wao haujaisha mpaka leo. Sheria ni rahisi, wanacheza pande mbili wakati mmoja, wewe mtazamaji ndo kura, upande wenye watu wengi umeshinda. Kwaiyo wanafanya kila kitu kukuvuta. Kuna wa majembe, bugobogobo, wanarusha majembe juu na kuyadaka kwa mdundo, alafu kuna wa nyoka, mtu na chatu mzima shingoni. Shemeji alijiapiza hasogei. Alipotolewa chatu alikuwa mstari wa mbele.

Upande wa magharibi kuna daraja jipya la Kigongo na Busisi, limefunguliwa 19 Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji. Nimekaa kwenye foleni ya kivuko kilichokuwa hapo zamani kiasi kwamba nilikuwa najua majina ya wauza machungwa. Gari ya mgonjwa inasubiri, basi la Bukoba linasubiri, lori la ng'ombe linanuka pembeni yako, upepo ukichafuka kivuko hakiondoki. Sasa unapita kwa dakika nne tano, hata chai haijapoa. Nafurahi, nani asiyefurahi. Wale wauza machungwa na samaki wa kukaanga ndo sijui wamehamia wapi, gari hazisimami tena. Ukitaka kuonja maisha ya kivuko nenda Kamanga mjini, hapo bado unavuka kwa nusu saa hivi kwenda upande wa Sengerema, nauli ndogo, na mji unauona vizuri kuliko kwa boti yoyote ya kitalii.

Kama una siku mbili tatu za ziada, basi Ukerewe. Meli inatoka mjini mpaka Nansio, masaa matatu au zaidi kutegemea chombo na upepo, au unazunguka kwa gari kupitia Bunda na kuvuka Kisorya. Kisiwa ni kikubwa, kuna baiskeli kila mahali, machungwa ya bei ya kutupwa, na watu wanaongea pole pole. Ukiwa huko usirudi bila kuvuka kwenda Ukara. Wakara wamejazana kwenye kisiwa kidogo chenye mawe kuliko udongo, na tangu enzi za wakoloni wataalamu wa kilimo wanakwenda kuwashangaa jinsi wanavyolima, ng'ombe anafungwa ndani, samadi inabebwa shambani kwa kapu, hakuna kipande kinacholala. Wana jiwe lao pia linaitwa Nyaburebeka, bonge juu ya mawe mengine, linatikisika, wenyewe wanasema linacheza, na kuna mzee wa mila wa kuliomba kabla hujalisogelea. Kuna utaratibu wake na kuna kitu kidogo cha kutoa, usilete ubishi wa bei. Kivuko cha Ukara kinatoka Bugolora, uliza saa zake ukiwa Nansio, na uliza watu wawili tofauti, kwa sababu kila mmoja ana saa yake.